Mtandio Usiofuliwa

Dobi alirudi kutoka hospitali siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, uso umevimba kama wa mtu aliyegombana na nyuki na nyuki wakashinda. Chini ya pua alibandikwa kipande cha shashi kilichoshikwa na plasta mbili mashavuni. Ndani ya pua yenyewe daktari alikuwa ameacha vibao viwili vyembamba vya plastiki, ili ukuta wa katikati, uliokuwa umepinda tangu ujana wake, upone ukiwa umenyooka. Vinyama vilivyoziba njia ya hewa kwa miaka sita vilikuwa vimetolewa vyote. Daktari alisema vilijaza kijiko, na Dobi, ambaye hupenda kazi inayoonekana kwa macho, alisikitika kwamba hakuonyeshwa.

Mkewe alimshika mkono tangu langoni hadi kitandani. Mtaa mzima ulimwita Bi Pasi, kwa sababu kazi ya nyumba ile iligawanywa tangu siku ya kwanza ya ndoa na haikuwahi kubadilishwa: mume anafua, mke anapiga pasi. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi, chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake. Chumba cha pili kilikuwa cha kulala. Uani kulikuwa na mabeseni matatu makubwa, moja la kufulia na mawili ya kusuuzia, na kamba nne za kuanikia zilizovutwa hadi zinalia ukizigusa.

Alipokwisha kumlaza mumewe juu ya mito mitatu, Bi Pasi alichukua karatasi ya maagizo ya daktari, akaining'iniza kwa kibanio cha nguo kwenye uzi uliokuwa juu ya kitanda, akaisoma kwa sauti. Mgonjwa asipenge kamasi. Asiiname. Asibebe kitu kizito. Akitaka kupiga chafya, afungue mdomo. Ale chakula cha uvuguvugu. Pua isafishwe kwa maji ya chumvi mara nne kwa siku. Mwisho kabisa, kwa mwandiko wa haraka wa daktari mwenyewe, paliandikwa: asikasirike, asilie, wala asicheke kupita kiasi, asije akatoka damu.

"Rudia hilo la mwisho," Dobi alisema, kwa sauti iliyotoka kama imefunikwa na sufuria.

"Usikasirike, usilie, usicheke."

"Basi bora wangenizika."

Bi Pasi alitabasamu, lakini macho yake yalibaki kwenye agizo lile. Alilipenda kuliko mengine yote. Lilimpa ruhusa ya kunyamaza kwa siku chache zaidi, na kunyamaza ndiko alikokuwa akikuhitaji, kwa sababu ya kitu kilichokuwa chini ya kitanda kile kile.

Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la mbao, na ndani ya sanduku kulikuwa na mtandio wa pamba wa kijani wenye pindo jeupe. Ulikuwa wa marehemu mama yake Dobi. Mama yule naye alikuwa dobi, na kwa kweli jina hilo lilikuwa lake kabla ya kuwa la mwanawe. Ndiye aliyemfundisha mkaza mwana wake kupiga pasi kola kuanzia ncha kwenda katikati, na kuinyunyizia nguo maji kwa vidole vitatu bila kuilowesha. Alipofariki, miaka tisa iliyopita, watoto waligawana vitu vyake kwa amani, na Dobi alichagua mtandio peke yake.

Sasa, Dobi alikuwa mtu wa kufua kila kilichomkaribia. Aliwahi kuifua kofia ya mgeni wakati mgeni yupo mezani anakula. Lakini mtandio ule alikataza usiguswe na maji. "Una harufu yake," alisema. "Ukifuliwa, atakuwa amekufa mara ya pili." Kila alipomkumbuka mama yake, alilivuta sanduku, akautia uso ndani ya mtandio, akakaa hivyo kitambo, kisha akasema, "Bado yupo." Akafunga sanduku, akaenda zake kufua.

Na Bi Pasi aliufua.

Hakuufua kwa ubaya, wala kwa uzembe. Katika nyumba ile kulikuwa na sheria moja ambayo Dobi mwenyewe aliiweka: chochote kilichofungwa ndani ya shuka jeupe na kuachwa kwenye mlango wa chumba cha kazi ni mzigo wa mteja, nao hufuliwa bila kuulizwa. Miaka minne iliyopita walipaka chokaa chumba cha kulala. Dobi alihofia vumbi la chokaa lisiuharibu mtandio, akautoa sandukuni, akaufunga vizuri ndani ya shuka jeupe, akauweka mlangoni kwa dakika moja tu. Mara akaitwa kusaidia kubeba kabati. Bi Pasi, aliyekuwa akifua mahali pake siku ile ya chokaa, akapita, akauona mzigo, akautumbukiza pamoja na nguo nyingine bila kuutazama. Alikuwa kwenye maji ya pili ya kusuuza alipoliona lile pindo jeupe. Akakaa chini hapo hapo kwenye sakafu yenye maji.

Aliuanika kivulini. Ulipokauka, alikuwa na kiwewe kiasi kwamba aliupiga na pasi kabla hajajitambua. Ikambidi autie mikunjo upya. Mwanamke aliyenyoosha nguo za watu kwa miaka ishirini alitumia alasiri nzima akiukunja mtandio mmoja: aliuviringisha, akaufinya, akaukalia, kisha akaurudisha sandukuni jinsi ulivyokuwa. Jioni ile maneno yalikuwa yamemfika kwenye ncha ya ulimi. Dobi alilivuta sanduku, akautia uso mtandioni, akanusa mara nyingi kuliko kawaida.

"Bado yupo," akasema.

Bi Pasi akayameza maneno yake, na tangu siku ile hayakupanda tena.

Kwa kuwa pua ya mumewe ilizidi kuziba mwaka hadi mwaka, siri ilikaa salama. Lakini daktari alipomuuliza Dobi kwa nini anataka kupasuliwa, kama ni kwa ajili ya kukoroma au kupumua, Dobi alimjibu bila kusita: "Nataka kusikia harufu." Na walipotoka nje alimwambia mkewe, kwa furaha ya mtoto aliyeahidiwa safari, "Siku pua ikifunguka, cha kwanza ni sanduku."

*

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri kuliko walivyotarajia. Maumivu yalikuwa ya kuvumilika na dawa ilifanya kazi yake. Dobi, ambaye hakuwahi kulala mchana tangu alipokuwa mtoto wa kunyonya, aligundua kwamba kulala mchana ni jambo jema. Alikuwa akiamka midomo imemkauka kwa kupumulia kinywani, anapewa maji, kisha anaanza kuisimamia kazi kutoka kitandani.

"Pasi imepoa hiyo!" alipaza sauti.

"Umejuaje, nawe uko huko?"

"Nasikia unavyoiburura. Pasi yenye moto huteleza."

Bi Pasi aliweka kiganja karibu na bamba la pasi, akakuta ni kweli, akaichomeka tena kwenye umeme bila kumpa raha ya kumjibu.

Mara nne kwa siku alimsafisha pua. Mgonjwa aliketi wima, beseni dogo mapajani, na mke akampitishia maji ya chumvi ya uvuguvugu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, polepole, akihesabu kimoyomoyo.

"Unanisuuza kama soksi."

"Soksi hailalamiki."

"Soksi haina hisia."

"Soksi zako zina kila kitu. Inua kichwa."

Siku ya nne alikuja wifi yake, dada mdogo wa Dobi, muuza vyombo vya udongo mwenye sauti inayotangulia kufika. Alisimama mlangoni, akamtazama kaka yake, uvimbe, plasta na yale macho yaliyozungukwa na weusi.

"Kaka! Umependeza! Kumbe wangekupasua mapema."

"Dada, nimekatazwa kucheka na nimekatazwa kukasirika. Chagua mwenyewe unataka kuniua kwa lipi."

"Kwa yote mawili, ila baada ya chai."

Alikaa naye, akampa habari za mtaa, akamwekea mto vizuri. Kisha akamfuata Bi Pasi uani, akashika ncha moja ya shuka lililolowa bila kuombwa, na wakaanza kulikamua, kila mmoja akilisokota upande wake. Wifi yule ndiye mtu pekee aliyeambiwa habari ya mtandio, na aliambiwa mwaka wa pili, siku Bi Pasi alipozidiwa.

"Umemwambia?"

"Daktari amekataza asikasirike. Imeandikwa."

"Hiyo karatasi umeifanya mume wa pili."

"Wifi, wewe ungemwambia?"

"Mimi? Siku ile ile, na maji bado yako mikononi."

"Wewe si ndiye uliyevunja kioo cha mama ukasema ni paka?"

Wifi aliacha kukamua. "Paka alikuwepo."

"Mlikuwa na paka nyumba ile?"

"Alikuwa akipita," alisema wifi, na wote wawili wakacheka hadi shuka likagusa chini, ikabidi lisuuzwe upya. Lakini kabla ya kuondoka alimshika mwenzake bega. "Asije akajua kwa pua yake, wifi yangu. Ajue kwa mdomo wako. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa."

Maneno hayo yalimkaa Bi Pasi moyoni. Jioni ile ile alijikaza kisabuni, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa mumewe.

"Mume wangu, kuna jambo nimelibeba siku nyingi."

"Sema, mke..." Dobi alisita. Macho yakamtoka, kifua kikajaa. Alifungua mdomo wote kama alivyoagizwa, akapiga chafya iliyotikisa karatasi ya daktari pale juu. Shashi ilirukia mlangoni. Palikuwa na damu kidogo, plasta mpya, na kuulizana kama vibao bado viko mahali pake. Kila kitu kilipotulia, Dobi aliuliza, "Ulikuwa unasema?"

"Viazi vya kuponda au supu?"

"Supu," alisema Dobi, akafumba macho kwa amani.

*

Siku ya sita alifika mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mteja wao wa miaka kumi, kuchukua mashati yake yaliyobaki na kumjulia hali mgonjwa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyeketi kitini kwa uangalifu kana kwamba kiti kimeazimwa. Alizungukazunguka maneno, kisha akauliza, "Mama, juma hili mashati mmeyafua kwa namna nyingine?"

Bi Pasi aliona haya. Tangu pua ya Dobi ilipoanza kufifia, Dobi aliamini kwamba maji ya manukato wanayotia kwenye beseni la mwisho yamepunguzwa nguvu kiwandani. Kwa hiyo aliongeza. Kizibo kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne, hadi alipofika nusu chupa kwa beseni. Mke aliwahi kumgusia mara moja, akajibiwa kwamba mkono wa dobi haukosei, na kwa sababu zake mwenyewe hakupenda mazungumzo juu ya pua yarefuke. Juma hili, mumewe akiwa kitandani, aliiweka chupa kando, akafua mwenyewe kwa sabuni ya mche tu, ile ya kukatwa vipande.

"Sikutia manukato, mwalimu. Nikuombe radhi."

"Radhi? Mimi nimekuja kushukuru!" Mwalimu alimgeukia Dobi. "Ndugu yangu, nilikuona mtu mwema nikashindwa kukuambia. Mwaka wa tatu huu sijamkamata mwanafunzi hata mmoja. Shati langu linafika darasani kabla yangu. Nikiwa bado koridoni, wananusa, wananyamaza, wanafungua vitabu. Ijumaa nimevaa lile alilofua mama, nimewakuta wawili juu ya dawati wanacheza ngoma."

Dobi alimtazama mwalimu, akamtazama mkewe, mabega yakaanza kutikisika.

"Usicheke," Bi Pasi alisema, akinyoosha kidole kwenye karatasi.

"Sicheki. Naona aibu." Lakini alikuwa akicheka, kwa kinywa wazi, kimyakimya, machozi yakimlowesha plasta. Mwalimu alipokwisha kuaga, Dobi alibaki akitazama dari. "Unaona, Bi Pasi? Dobi asiyesikia harufu ni kama dereva asiyeona. Nimewatesa watu wa watu. Pua ikirudi sitaomba kitu kingine. Mtandio kwanza, kisha hiyo chupa nitaimwaga kwa mkono wangu."

Bi Pasi alikwenda chumba cha kazi, akapiga pasi foronya saba mfululizo bila kuona hata moja.

*

Jumanne iliyofuata walikwenda hospitali kutolewa vibao. Daktari alivivuta kimoja kimoja kwa kibanio chembamba, na Dobi akatoa mlio ambao baadaye alidai ni wa kiti. Kisha akavuta pumzi. Bi Pasi aliona uso wa mumewe ukibadilika.

"Hewa ina baridi!" alisema. "Inaingia hadi huku nyuma. Sikujua pua ina nyuma."

Daktari alifurahi, akamsogezea kikombe chake cha kahawa. Dobi alinusa. Akanusa tena, kwa tundu moja, kisha kwa la pili. Akakirudisha kikombe taratibu.

"Ni ya moto," alisema. "Hilo tu."

"Subira. Wengine huchukua siku chache, wengine wiki kadhaa. Na wachache..." Daktari hakuimaliza sentensi, akaandika tarehe ya kurudi.

Walitembea kurudi nyumbani bila haraka. Dobi alikuwa akivuta hewa kwa adabu, kama mtu anayekula chakula kisicho na chumvi asimuudhi mpishi. Bi Pasi alimshika mkono. Walipofika kona ya duka la viatu, alihisi wepesi kifuani, wepesi ambao hakuwa nao kwa siku nyingi, akajiuliza umetoka wapi. Alipoujua, alisimama.

"Vipi?" Dobi aliuliza.

"Kiatu," alisema, akainama kufunga kamba iliyokuwa imefungwa tayari.

Alikuwa amefurahi. Mumewe hakusikia harufu ya kahawa, na moyo wake, moyo uliomsafisha pua mara nne kwa siku, ulikuwa umeshusha pumzi. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata siku ile aliyokaa kwenye sakafu yenye maji. Ile ilikuwa bahati mbaya. Hii ilikuwa yake mwenyewe. Aliponyanyuka alikuwa amekata shauri: pua irudi isirudi, hadi kufika Ijumaa atakuwa amesema.

Jumatano ilipita. Alhamisi ikapita. Ijumaa asubuhi Dobi alikuwa kitandani, mito imepungua hadi miwili, akisoma gazeti la juma lililopita. Bi Pasi alisimama mezani na foronya za nyumba ya wageni, akiyapanga maneno kichwani. Mume wangu, unakumbuka mwaka tuliopaka chokaa. Hapana. Mume wangu, nilikosa. Hapana, hilo linatisha mno. Mume wangu, kulikuwa na shuka jeupe mlangoni...

"Bi Pasi! Unaunguza!"

Alishtuka, akainyanyua pasi. Foronya ilikuwa na alama ya bamba, ya rangi ya njano hafifu kama chai ya maziwa, isiyoonekana vizuri ila ukiielekeza dirishani. Hapakuwa na moshi. Aliishika pasi hewani, akageuka polepole kuutazama mlango wa chumba cha kulala.

Dobi alikuwa amesimama pale, gazeti mkononi, mdomo wazi.

"Nimesikia," alisema kwa sauti ndogo. "Bi Pasi, nimeisikia harufu."

Kilichofuata kilikuwa sherehe ya mtu mmoja. Dobi alizunguka nyumba nzima akitanguliza pua. Alinusa blanketi la mezani, akanusa kipande cha sabuni, akanusa bakuli la wanga, ule unga wa kukazia kola, akasema, "Naam, wanga!" kama aliyekutana na rafiki wa utotoni. Alifungua chupa ya manukato, akairudisha nyuma kwa urefu wa mkono wake.

"Nani aliyenunua sumu hii?"

"Wewe."

"Na watu wakaniachia niwamwagie!" Alianza kucheka, akajizuia, akashika ubavu. Kisha uso wake ukatulia, na Bi Pasi akajua ni saa gani imefika.

"Nivutie sanduku," alisema Dobi. "Mimi bado siruhusiwi kuinama."

Kwa hiyo ikawa yeye, si mwingine, aliyepiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akalivuta sanduku hadi kwenye mwanga. Alifungua kifuniko. Alitaka kusema pale pale, mtandio ukiwa bado mikononi mwake, lakini Dobi alikuwa amekwisha nyoosha mikono yote miwili. Akamkabidhi. Dobi aliketi kitandani, akautia uso ndani, akavuta pumzi moja ndefu, ya pili, ya tatu.

Mabega yake yalishuka.

"Ni yeye," alisema ndani ya kitambaa. "Ni yeye kabisa. Mke wangu, bado yupo."

Alipoinua uso, macho yalikuwa yamelowa. Bi Pasi alikuwa bado amepiga magoti. Aliona wazi kwamba ameokoka. Mwenyewe amenusa, mwenyewe ametoa hukumu, na siri ingeweza kufungwa sandukuni na isitoke tena maisha yao yote. Angeweza kusimama, kuendelea na foronya zake, na mumewe angebaki na furaha yake. Lakini alikumbuka kona ya duka la viatu.

"Niliufua," akasema.

"Nini?"

"Mtandio. Niliufua mwaka ule tuliopaka chokaa. Uliufunga kwenye shuka jeupe, ukauweka mlangoni. Nilidhani ni mzigo wa mteja. Nilipouona, nilikuwa nimeshafika maji ya pili."

Uani, bomba lilikuwa likidondosha matone kwenye beseni, moja, na jingine, na jingine. Dobi aliutazama mtandio, akautazama uso wa mkewe, akautazama tena mtandio. Alipofungua kinywa, sauti yake ilikuwa ya kazini.

"Kwa sabuni gani?"

"Ya mche."

"Manukato?"

"Sikutia. Mama hakuwa akipenda."

"Ulisuuza mara ngapi?"

"Tatu. Nilikwisha haribu, nikaona nimalize vizuri."

"Wanga?"

"Kidogo. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Ukaupiga pasi."

"Nikaupiga pasi. Kisha nikaukunja, usijue."

"Uliukunja vipi?"

Bi Pasi aliangalia chini. "Niliukalia."

Mlio wa ajabu ukamtoka Dobi, nusu kicheko, nusu kwikwi. "Uliukalia! Mtandio wa mama mkwe wako!"

"Usicheke. Usilie pia. Daktari..."

"Uliukalia!"

Tone la damu lilimdondoka juu ya mdomo. Bi Pasi aliruka, akaleta pamba na kitambaa cha maji baridi, akamkalisha wima, akauondoa mtandio usidondokewe. Dobi alikaa amejibana pua kwa vidole viwili, akiongea kwa sauti ile ya kufunikwa na sufuria.

"Na mimi nikuambie langu. Jioni ile sikusikia chochote."

"Jioni ipi?"

"Ya chokaa. Pua ilikwisha ziba, nilikuwa sijakubali tu. Nilinusa, nikanusa, hamna kitu. Nikainua macho, nikakuona umesimama mlangoni umenikodolea. Nikaona nikisema sisikii, utafikiri nimeanza kumsahau mama. Nikasema bado yupo." Aliachia pua, akaangalia kama damu imekatika. Ilikuwa imekatika. "Tangu siku ile nimekuwa nikinusa hewa tupu na kukudanganya."

Bi Pasi aliketi kando yake, pamba mkononi. Kwa miaka minne kila mmoja alikuwa akimchunga mwenzake kwa kitambaa kimoja.

"Lakini leo umesema ni yeye," alisema hatimaye. "Nami harufu yake nilikwisha iondoa."

Dobi aliuchukua mtandio tena, akaunusa kwa makini, safari hii kama fundi. "Sabuni ya mche. Wanga. Na pasi, ile harufu ya pamba iliyopata moto." Aliinua nyusi. "Ndivyo alivyokuwa. Akinikumbatia, ndivyo alivyonukia. Angenukia nini kingine? Alikuwa dobi."

Alikunja mtandio, akauweka juu ya mto, akarudi kwenye gazeti lake, ingawa Bi Pasi aliona kwamba hakufungua ukurasa hata mmoja hadi chakula cha mchana. Alipoletewa supu, aliinusa kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akasema bila kuinua macho:

"Ungeniambia."

"Ningekuambia."

"Siku ile nisingekusamehe upesi."

"Najua."

"Basi." Akanywa kijiko kimoja. "Chumvi imezidi. Naisikia."

"Haijazidi. Umesahau ladha ya chumvi tu."

"Inawezekana," alisema Dobi, akaimaliza yote.

*

Jumanne ya tatu daktari alimruhusu kuinama. Dobi alirudi nyumbani kwa hatua ndefu, akaifungua ile chupa ya manukato, akaimwaga yote kwenye mtaro huku amegeuza uso pembeni. Kisha akakunja mikono ya shati, akajaza beseni, akakata kipande cha sabuni, akaenda chumbani. Aliporudi alikuwa na mtandio wa kijani.

Bi Pasi alikuwa dirishani na pasi yake. Alimtazama akiutumbukiza, akiusugua pindo kwa pindo, taratibu, kwa vifundo vya vidole kama alivyofundishwa, povu likipanda hadi viwikoni. Alikuwa kwenye maji ya tatu wakati sauti ya wifi ilipoingia langoni, ikifuatwa na wifi mwenyewe.

"Kaka, nimesikia umepo..." Alikoma. Aliliona pindo jeupe likitoka majini. Akamgeukia Bi Pasi pale dirishani, macho yamemtoka, mkono mdomoni. "Huo si mtandio wa mama?"

"Ndio huo," alisema Dobi. "Umekaa mno bila kuvaliwa. Ukikauka, Bi Pasi ataupiga pasi, kisha ataujaribu. Kijani kinampendeza." Akanyoosha mkono mmoja. "Usisimame hapo kama nguzo. Shika ncha hiyo tukamue."

Wifi alitua kikapu chake, akaishika ncha. Kaka akasokota kulia, dada akasokota kushoto, na maji yakachuruzika kati yao juu ya sakafu.

"Polepole nyie!" Bi Pasi alipaza sauti kutoka dirishani. "Hilo si blanketi!"

"Angalia pasi yako," Dobi alimjibu bila kugeuka, pua imeinuliwa juu. "Unakaribia kuunguza."